Mkono baada ya kubadilishwa bega: maswali ninayoulizwa Unguja na Pemba

Nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Unguja. Anayerudi nyumbani na bega jipya mara nyingi hana jirani wala ndugu aliyewahi kupitia jambo hilo ambaye angeweza kumuuliza. Anashuka kwenye boti ya Dar es Salaam mkono umefungwa kifuani, na mkono wa pili umeshika bahasha ya picha pamoja na karatasi moja iliyoandikwa kwa lugha ya madaktari. Maswali haya nimeyasikia kazini, kwenye simu, na mara nyingine barazani kwa watu hata kabla salamu hazijaisha. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mgonjwa aliyekaa mbele yangu. Pale maelekezo ya daktari aliyekupasua yanapotofautiana na yangu, fuata yake. Yeye ndiye aliyeiona mifupa na kano zako kwa macho.

Kwani mabega ya bandia yako ya aina ngapi?

Hili ndilo swali ambalo mimi humuuliza mgonjwa kwanza, na wengi hawana jibu. Wanajua wamebadilishwa bega, basi. Lakini mazoezi yako, makatazo yako na matarajio yako yote yanategemea jibu hilo.

Bega, au fuzi kama wasemavyo wengi huku kwetu, ni kichwa cha mviringo cha mfupa wa mkono kilichoegemea kisahani kidogo kwenye mfupa mpana wa mgongoni. Kisahani chenyewe hakina kina. Fikiria chungwa limewekwa juu ya kisosi. Kinacholizuia chungwa lisiviringike ni misuli minne midogo inayolikumbatia pande zote. Juu ya hiyo upo msuli mkubwa, deltoidi, ule unaolipa bega umbo lake la duara.

Aina ya kwanza ni bega la kawaida. Chungwa linakuwa la chuma na kisosi kinakuwa cha plastiki, kila kimoja mahali pake pa asili. Hili huwekwa kwa mtu ambaye gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika lakini ile misuli minne bado ni mizima. Ili kuingia ndani, daktari kwa kawaida hupita mbele ya bega, na mara nyingi hulazimika kukata kano ya msuli mmoja katika ile minne, uitwao sabskapularisi, kisha huishona mwisho wa kazi. Mshono huo wa ndani huuoni, lakini ndio unaotawala maisha yako ya miezi mitatu ya mwanzo.

Aina ya pili ni bega la kugeuza. Hapa chungwa linahamishiwa kwenye ule mfupa mpana wa mgongoni na kisosi kinawekwa juu ya mfupa wa mkono, kinyume cha maumbile. Mfaransa Paul Grammont ndiye aliyeupa mpango huu sura yake ya leo, mwaka 1985. Faida yake ni kwamba mkono unaweza kuinuka hata kama ile misuli minne imechanika na haishoneki tena, kwa sababu deltoidi peke yake inabeba kazi. Wazee wengi waliovunjika vibaya kichwa cha mfupa wa mkono pia huwekewa hili. Hatari yake kubwa mwanzoni ni kuchomoka.

Ya tatu ni nusu bega, ambapo kichwa tu hubadilishwa na kisosi huachwa kilivyo.

Kazi hii si ya juzi. Mwaka 1893 mjini Paris, daktari Jules-Émile Péan alimwekea mgonjwa wa kifua kikuu cha mifupa bega la platini na mpira. Baadaye likalazimika kutolewa kwa sababu maradhi hayakuondoka. Nalitaja hilo kwa sababu hata leo adui mkubwa wa kiungo bandia ni vijidudu, na nitarudi huko mbele.

Kama hujui una lipi, piga simu ulikopasuliwa leo. Uliza pia kama sabskapularisi ilikatwa na kushonwa, na mkono unaruhusiwa kugeuka nje (kiganja kuondoka tumboni huku kiwiko kikibaki ubavuni) kwa nyuzi, yaani digrii, ngapi. Andika majibu kwenye karatasi na uibandike ukutani.

Nimezinduka, mkono mzima umekufa ganzi. Nimepooza?

Karibu kila mara, hapana. Madaktari wa usingizi huchoma dawa shingoni kuzunguka mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, na ganzi yake huweza kukaa hadi siku nzima hivi. Ganzi ikianza kupungua, maumivu hupanda kwa haraka, kwa hiyo meza dawa uliyopewa kabla ganzi haijaisha kabisa.

Ukipita siku mbili na bado huwezi kukunja vidole au kuinua kiwiko, mwambie daktari. Mshipa wa fahamu unaoendesha deltoidi unapita karibu sana na mahali pa upasuaji, na huweza kuvutika. Wengi hupona wenyewe baada ya wiki au miezi, lakini lazima ijulikane mapema.

Mfuko wa mkono niuvae mpaka lini?

Ule mfuko wa kutungikia mkono huvaliwa wiki 4 hadi 6, mchana na usiku, isipokuwa wakati wa mazoezi, kuoga na kuvaa nguo. Hauvuliwi mapema kwa sababu tu "umepata nafuu". Maumivu hupungua upesi kuliko kano inavyoshika, na hapo ndipo watu wengi huharibikiwa.

Kwapani patatoa jasho, hasa wakati wa joto la Januari na Februari. Inama kidogo mbele, acha mkono uning'inie wenyewe, kisha pitisha kitambaa chenye maji. Usiuinue mkono ili upate nafasi. Kausha vizuri.

Katika kuvaa, mkono uliopasuliwa huingia kwanza na hutoka mwisho. Dera pana au shati la vifungo mbele ndiyo nguo za wiki hizi. Fulana ya kupitisha kichwani iache. Buibui ya kufungua mbele ni nafuu kubwa, na mtandio afunge mtu mwingine.

Ni mambo gani hasa nisiyafanye?

Kwa bega la kawaida, unailinda ile kano iliyoshonwa mbele. Usiuache mkono ugeuke nje kupita kiasi ulichoambiwa, ambacho mara nyingi ni nyuzi 30 hivi katika wiki za mwanzo. Unapofungua mlango mzito kwa kuuvuta pembeni, unapoutupa mkono pembeni kumsimamisha dereva wa daladala, mkono unageuka nje. Usisukume wala kukaza mkono kuelekea tumboni kwa nguvu pia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe ya ule msuli ulioshonwa. Kufunga mlango wa gari kwa kuuvuta kuelekea kwako ni mfano wake.

Kwa bega la kugeuza, mkao wa hatari ni mkono kwenda nyuma, ukibanana na mwili, huku umegeuka kwa ndani. Ukifikiri utaona ni mkao wa kila saa: kuchomekea shati, kufunga sidiria kwa nyuma, kutafuta pochi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kukaza kanga kiunoni kwa upande wa mgongo. Sheria ninayowapa wagonjwa ni hii: ukiangalia mbele na ukaweza kukiona kiwiko chako kwa pembe ya jicho, uko salama. Kiwiko kikipotea nyuma yako, rudisha. Sheria hii hufuatwa kwa wiki 12.

Kwa wote, usijiinue kwa kuusukumia mkono huo chini. Sisi ni watu wa mkeka na jamvi. Mtu anakula chini, anamaliza, anaweka kiganja nyuma yake na kujisukuma asimame, wala hafikirii. Mkao huo peke yake unakusanya karibu kila kilichokatazwa. Kwa miezi mitatu kaa kwenye kiti chenye urefu wa kutosha, na familia nzima ijue sababu.

Halafu lipo jambo ambalo watu huona haya kuuliza. Kama bega lililobadilishwa ni la kushoto, kujisafisha chooni kunakuwa mtihani, kwa sababu mkono unaotumika ndio huo, na njia yake ya kawaida ni kupita nyuma. Kwa wiki za mwanzo tumia mkono wa kulia pamoja na mpira wa maji wenye msukumo, au saidiwa na mtu wako wa karibu. Hii ni dharura, na masheikh niliowahi kuwauliza hawakuona tatizo. Muulize na wako upate utulivu wa moyo. Zungumza habari hii nyumbani kabla hujakwenda kupasuliwa, si siku ya kwanza unapojikuta umesimama chooni peke yako.

Uzito: wiki 6 za mwanzo, mkono huo haubebi kitu kizito kuliko kikombe cha chai.

Mazoezi yanaanza lini, na ni yapi?

Yanaanza siku ile ile au kesho yake, lakini si ya bega. Vidole, kiganja na kiwiko vinahitaji kutembea tangu mwanzo ili visikakamae na uvimbe ushuke. Fumba ngumi ukaze, fumbua. Zungusha kifundo cha mkono. Toa mkono kwenye mfuko, uache ushuke ubavuni, kunja na kunjua kiwiko taratibu. Mara 10 kila moja, mara tatu au nne kwa siku. Ongeza na kubana mifupa mipana ya mgongoni: kaa wima, irudishe nyuma na chini kama unayetaka kuikutanisha, hesabu mpaka tano, achia. Misuli hii ya mgongoni ndiyo msingi wa bega, na watu huidharau.

Daktari akiruhusu, na wengine huruhusu katika wiki ya kwanza huku wengine wakingoja zaidi, unaanza kuning'iniza. Simama kando ya meza, mkono mzima (ule usiopasuliwa) umeegemea mezani, inama mpaka mgongo ukaribie kulala. Mkono uliopasuliwa uachie kabisa, uning'inie kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Sasa usiusukume. Uyumbishe mwili wako kidogo kwa magoti, mbele na nyuma, na mkono utafuata wenyewe. Hapa ndipo kosa lilipo: karibu kila mtu huuzungusha mkono kwa misuli ya bega lenyewe, akadhani anafanya vizuri kwa sababu duara ni kubwa. Mimi huweka kiganja changu juu ya bega la mgonjwa. Nikiuhisi msuli umekaza, tunaanza upya. Mkono uliolegea kweli hufanya duara dogo, kama sahani ya kahawa.

Zoezi la pili ni la kulala chali. Mkono mzima unashika kifundo cha ule mwingine na kuuinua kuelekea dari, kisha nyuma kidogo ya hapo, mpaka uhisi kuvutwa, si kuchomwa. Mkono mzima ndio unaofanya kazi. Ule uliopasuliwa ni abiria.

La tatu wanalipenda sana wagonjwa wangu. Kaa mbele ya meza, weka viganja juu ya kitambaa laini, khanga iliyokunjwa inatosha, kisha telezesha mikono mbele kwa kuinama mwili. Unarudi kwa kuinuka. Meza inabeba uzito wote.

Nifanye mpaka niumie?

Hapana. Kuvutwa na kuchoka ni sawa. Maumivu makali ya kuchoma hapo hapo unapofanya, au yanayokaa zaidi ya saa mbili baadaye, yanakwambia umezidisha: siku ya pili punguza nusu, usiache kabisa. Ukipewa dawa ya maumivu, imeze nusu saa hivi kabla ya mazoezi, si baada ya kuteseka.

Barafu inasaidia sana. Zile barafu za mfuko zinazouzwa mitaani zinafaa. Ivunjevunje, izungushie kanga isiguse ngozi, weka dakika 15 hadi 20, kidonda kikiwa kimefunikwa na kikavu.

Naweza kwenda kwa mkandaji?

Swali hili naulizwa na kila familia, na nataka nilijibu kwa heshima. Ukandaji ni elimu ya wazee wetu, na kwa msuli uliochoka wapo mabingwa. Lakini bega lililowekwa chuma halikandwi wala halivutwi na mtu asiyeijua picha yake.

Nilijifunza hili kwa uchungu, kwa ndugu yangu mwenyewe. Shangazi yangu aliwekewa bega la kawaida. Karatasi aliyopewa alikopasuliwa ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu kugeuza mkono nje, umeandikwa kwa kifupi cha herufi mbili, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Mimi wakati huo nilikuwa Pemba kikazi, nikasema nitamwona nikirudi. Wiki ya tano akaona mkono umekakamaa, wakaitwa watu, akavutwa mkono nje kwa mafuta ya karafuu ya moto. Alisikia kitu kimekatika ndani, "kama uzi wa cherehani," ndivyo alivyoniambia. Ile kano ilikuwa imeachia. Leo mkono wake unapanda, lakini hawezi kuukaza tumboni, na akitaka kukaza kitasa cha dirisha huita wajukuu. Mkandaji hakuwa na nia mbaya. Alifanya alichokijua. Ningepiga simu ya dakika tano tu kutoka Chake Chake, asingefika hapo.

Kinachoruhusiwa ni hiki: kidonda kikishafunga kabisa na nyuzi zimetoka, kawaida baada ya siku 10 hadi 14, na gamba halipo tena, unaweza kulisugua kovu lenyewe kwa kidole na mafuta ya nazi kidogo, kwa duara ndogondogo, ili ngozi isigande na nyama. Ni kovu tu. Kabla ya hapo usipake chochote, si karafuu, si mdalasini, si asali.

Nalala vipi?

Chali, umeinuliwa nusu kukaa kwa mito miwili au mitatu, na mto mwembamba chini ya kiwiko cha mkono uliopasuliwa ili usidondoke nyuma ya mwili. Huo mto wa kiwiko ndio siri. Wengi wanaolalamika kuwa usiku ni jahanamu hawana huo mto.

Wiki ya sita imefika, mfuko umevuliwa. Mbona mkono hauinuki?

Kwa sababu misuli imelala. Wiki sita bila kazi, na kabla ya hapo pengine miaka ya kuukwepa mkono kwa maumivu. Hapa ndipo kazi ya kweli inapoanza, na ndipo nilipoona watu wengi wakikata tamaa.

Tunaanza kwa kuusaidia mkono. Shika fimbo kwa mikono miwili, hata mpini wa fagio, ulale chali, na mkono mzima uusukume mwingine juu. Halafu ukuta: simama ukitazama ukuta, tembeza vidole kupanda kama buibui, weka alama ya chaki pale ulipofika. Wiki ijayo tazama alama. Ukiwa na mlango imara, pitisha kamba juu ya kapi, yaani kigurudumu cha kamba, iliyofungwa vizuri, shika ncha mbili, mkono mzima uvute ili mwingine upande.

Baadaye unainua mwenyewe, kwanza umelala, kisha umeegemea nusu, mwisho umekaa. Ukilala, uzito wa mkono unapungua kadiri unavyokaribia kusimama wima kuelekea dari, ndiyo maana tunaanzia huko.

Mama mmoja mkulima wa mwani kutoka pwani ya mashariki alikuja kwangu wiki ya nane akiwa na bega la kugeuza. Nilimwambia ainue mkono. Aliinua bega lote mpaka likagusa hereni, kiwiko kikabaki pale pale. Nikampa kioo ajitazame, nikaweka kidole juu ya bega lake na kumwambia asikisukume kidole changu. Mkono ukapanda kidogo sana, chini ya kifua. Akasikitika, akasema mwanzo ulipanda zaidi. Nikamwambia mwanzo haukupanda mkono, ilipanda shingo. Tukafanya hivyo hivyo, kioo na kidole, siku tatu kwa wiki, na nyumbani binti yake ndiye aliyeweka kidole. Wiki ya kumi na moja alikitoa kikombe kwenye rafu iliyo usawa wa macho, akakirudisha, akakitoa tena, akakirudisha. Sikumwambia aendelee. Alikuwa hataki kuacha.

Kwa bega la kugeuza, deltoidi inajifunza kazi mpya ambayo haikuwa yake peke yake. Zoezi jepesi la kuianzisha, daktari akikubali, ni kusimama kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa, na kuusukuma ukuta kwa upole mbele na kwa pembeni bila mkono kutembea. Hesabu tano, achia.

Nguvu narudisha lini?

Kwa kawaida kuanzia wiki ya 12, na hatua kwa hatua. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, mizani ipo nyumbani kwako. Kwa zoezi la kuvuta, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichokatwa mwembamba na kufungwa kwenye nondo ya dirisha kinafanya kazi vizuri. Vuta kuelekea kwako kiwiko kikiwa karibu na mwili, kisha kwa kugeuza nje, na mwisho kabisa kugeuza ndani, hasa kama sabskapularisi ilishonwa. Marudio mengi kwa uzito mdogo. Sipendi kuona mtu anaongeza uzito kwa sababu ya ubishi na kijana wake.

Na swala?

Miezi ya mwanzo sali kwenye kiti. Sijida inaweka uzito wa mwili juu ya mikono, na kuinuka kwake kunasukuma bega. Vyote viwili vinangoja angalau wiki 12 na ruhusa ya daktari. Takbiri inua mkono mzima tu. Katika udhu, mkono uliopasuliwa uning'inie ubavuni na uoshwe na ule mzima, na kichwa pangusa kwa mkono mzima. Penye bendeji pasiingie maji: namna ya kupangusa juu yake na tayamamu muulize sheikh wako. Sharia ina nafasi pana kwa mgonjwa, na nimewaona wazee wakijilazimisha kwa kuona aibu kukaa kwenye kiti msikitini. Msione aibu.

Nitarudi kazini kwangu?

Inategemea kazi. Ofisini au dukani, wengi hurudi baada ya wiki 6 hivi, wengine mapema wakiwa na mfuko. Kusuka ukili, ambako mikono iko mapajani, ni kazi nzuri hata mapema, na huamsha vidole.

Kukuna nazi kwenye mbuzi nakuzuia kwa miezi minne au zaidi. Mkono unakandamiza na kugeuka kwa wakati mmoja, mara mia kwa nazi moja. Kwenye mwani, kufunga vikamba ukiwa umekaa kivulini kunawezekana baada ya miezi mitatu. Kubeba gunia la mwani mbichi kutoka majini, kwa maoni yangu, kunabaki kazi ya mtu mwingine. Kasia na kuvuta nyavu: zungumza na daktari baada ya miezi sita. Kupanda mkarafuu sikushauri tena. Si kwa ajili ya mkono kutofika, bali ukianguka, mfupa huvunjika pale chuma kinapoishia, na kuutengeneza mvunjiko huo ni kugumu kuliko upasuaji wa kwanza.

Bodaboda? Gari?

Kuendesha gari, si kabla mfuko haujatoka na mikono yote miwili haijashika usukani bila maumivu. Kwa wengi ni baada ya wiki 6 au zaidi. Bodaboda acha miezi mitatu. Kwenye daladala panda kwa kushika kwa mkono mzima, na ukae upande ambao watu wanaopita hawataligonga bega.

Mkono utapanda mpaka wapi?

Kwa bega la kawaida lenye misuli mizima, wengi hufika karibu na kawaida. Kwa la kugeuza, wengi huinua mkono juu ya usawa wa bega, mara nyingi nyuzi 120 hadi 140, wanachana nywele, wanafika rafu. Kupeleka mkono mgongoni ndiko kunakobaki kugumu, na si dalili kwamba umeshindwa. Maumivu huondoka kwanza, uwezo hufuata, nguvu huja mwisho. Mabadiliko huendelea mpaka mwaka mzima, na kwa wengine zaidi kidogo. Mtu wa mwezi wa tatu anayeniambia "ndio basi" huwa namwambia arudi mwezi wa tisa tuzungumze.

Nina kisukari. Kuna tofauti?

Ipo. Sukari ikiwa juu kidonda huchelewa, vijidudu hupata nafasi, na bega hukakamaa kwa urahisi zaidi. Pima mara kwa mara kuliko ulivyozoea, na usiruke siku ya mazoezi.

Dalili gani zinitie hofu?

Homa, kidonda kutoa maji au usaha, wekundu unaosambaa: nenda hospitali siku hiyo hiyo, usianze dawa za dukani, kwa sababu antibayotiki ya kubahatisha huficha maradhi yenyewe. Bega lina vijidudu vyake, vinavyoishi kwenye ngozi na vinyweleo vya kwapani na mgongoni, ambavyo huweza kukaa kimya miezi au hata miaka. Mara nyingi havileti homa wala usaha. Vinaleta maumivu na ukakamavu unaoongezeka wakati ulipaswa kupungua. Ukiona hivyo, sema.

Maumivu ya ghafla, bega kubadilika umbo na mkono kukataa kutembea: limechomoka, au kuna mvunjiko. Liweke kwenye mfuko, usimruhusu mtu alirudishe nyumbani, nenda ukapigwe picha. Kifua kubana na pumzi kukatika, au mguu au mkono kuvimba na kuuma: pengine damu imeganda, na hilo halingoji asubuhi.

Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari wa meno una kiungo bandia kabla hajaanza.

Naishi Micheweni, Pemba, mtaalamu wa mazoezi yuko mbali. Nifanyeje?

Njoo au nenda hospitali iliyo karibu mara chache lakini kwa wakati unaofaa: wiki ya pili, ya sita, na ya kumi na mbili. Hizo ndizo siku ambazo mazoezi hubadilika. Katikati ya hapo, mwenzako akurekodi kwa simu dakika moja ukifanya zoezi, mbele na kwa nyuma, ukiwa na nguo inayoonyesha bega au kanga iliyofungwa chini ya kwapa, kisha mtumie mtaalamu wako. Kosa la bega kupanda sikioni linaonekana wazi kwenye video.

Panga mazoezi na mambo ambayo hayakosi kutokea: baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, baada ya isha. Katika Ramadhani hamishia zoezi zito baada ya futari, na uliza mapema kuhusu saa za dawa. Weka pamoja kwenye bahasha moja isiyopenya maji ripoti ya upasuaji, picha ya kwanza baada ya upasuaji na karatasi inayoonyesha aina ya kiungo na namba zake. Safari ya boti ikiwa na mawimbi, bahasha hiyo ishikwe na mtu mwingine, na wewe ukae kwenye kiti chenye pa kushikia upande wa mkono mzima.